Nitaona

Programu hii niliiandikia mizani moja tu,
mizani ya shangazi Khainza, kule Buwalasi,
aliyechoka kuibiwa nusu kilo, nusu kilo,
na kalamu ya mtu mwingine.
Vitufe vinane. Jina, uzito, bei, tarehe,
na vinne ambavyo siku hizi hata mimi navisahau.
Nikaiacha wazi, msimbo wote nje kama buni juani,
atakaye achukue.

Wakachukua.

Kwanza ombi moja, la adabu, kutoka Bududa:
tafadhali mwalimu, iweze kuchapa risiti.
Halafu Kasese: iongezwe vanila.
Arua wanataka asali ihesabiwe kwa madumu.
Mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, anataka rangi za usiku,
na ananiuliza, kwa alama tatu za mshangao,
kama kweli mradi huu bado uko hai.

Uko hai. Saa hizi umelala.
Mradi una madaftari tisini na sita ya fizikia ya kusahihisha,
una mtoto mwenye surua, una umeme
unaokatika mara tu mlima Wanale unapovaa wingu.
Mradi ni mimi, na kiti hiki chenye mguu mmoja mfupi.

Lakini nililelewa kambini, mtoto wa sajini,
Kiswahili changu ni cha amri na cha kuomba radhi,
na kwetu kumwambia mtu hapana
kulikuwa sawa na kumfungia mlango akinyeshewa.
Basi nikawajibu wote neno moja: nitaona.
Nitaona, ndugu. Nitaona, dada. Wiki ijayo nitaona.
Neno laini, halina mfupa.
Nilidhani ni ukarimu.

Mwezi wa kumi na moja nilipanda Kapchorwa kwa harusi,
nikamkuta Mangusho, karani wa chama kidogo cha wakulima,
niliyekuwa nimemwambia nitaona kuhusu hesabu ya madeni.
Hakunigombeza. Alinimiminia chai,
akanifunulia boksi la viatu lililojaa vipande:
pakiti ya sigara iliyopasuliwa, kona ya gazeti,
karatasi ya sukari, kila kimoja na jina na deni.
"Daftari sikununua," akasema, "maana ulisema utaona.
Nikasema mwalimu akishaona, nitayaingiza yote."
Msimu mzima. Mvua ilikuwa imeingia boksini upande mmoja
na majina kumi na saba yamegeuka buluu tupu.

Chai ile sikuimaliza.

Sasa nimeandika ukurasa wa mbele, kabla ya kingine chochote,
kwa maneno ambayo mama angeyaonea haya:
Programu hii inapima. Haikopeshi, haidai, haichapi.
Mwaka huu haitafanya hayo. Pengine kamwe.
Ninaishika Jumamosi baada ya kufua, saa mbili, nikiwa mzima.
Kikiharibika kilichopo, niite, nitakuja mbio.
Ukitamani kipya, usinitajie kitufe. Nieleze unakwama wapi,
nani ameshika mizani, na mkono wake wa pili umeshika nini.
Na jembe liko mlangoni, mgeni; halikuwekwa kwa urembo.

Wawili walikasirika. Mmoja aliondoka akitupa jiwe.
Wa Kasese alinyamaza wiki tatu, kisha akarudi
na nakala yake mwenyewe, yenye vanila,
imeandikwa ovyo, inafanya kazi.
Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaamka.

Shangazi naye akapiga simu. Ukurasa wa mbele hajausoma.
Anataka tarakimu ziwe kubwa;
macho, anasema, yamezeeka kabla yake.
Mstari mmoja, dakika nne. Nikafanya,
na sijui bado kama ile ilikuwa kanuni au damu.

Kwa Mangusho niliandika usiku huohuo:
Hapana. Madeni sitayaweza. Nunua daftari, gharama ni yangu.
Akanitumia picha. Jalada gumu, jekundu,
ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, mwandiko wa karani:
jina langu kamili,
na mbele yake, shilingi elfu sita.