Juzuu ya Tatu

Ukutani kwa mama mna vidaka ishirini na saba.
Nimevihesabu nikiwa na surua, nimevihesabu nikiwa na deni.
Zamani vilikaa sahani za kaure, buluu juu ya weupe,
mpaka mwaka ule wa ada za shule
mtu wa Mombasa akaja na magunia na nyasi kavu,
akazifunga moja moja kama mayai.
Vidaka vikabaki vimeachama.

Sasa mna watu wanaoruka.
Majalada magumu ya kitambaa,
migongo ya maandishi ya dhahabu, utepe mwekundu,
kila juzuu na kasha lake,
uzito wa mtoto wa miezi mitatu.
Nazinunua kwa mshahara wa maabara, mimi Lali,
niwindaye malaria kwa darubini tangu saa mbili asubuhi.

Kifurushi hushuka basi Mokowe, huvuka kwa boti,
kisha Kupi hukipakia juu ya punda pamoja na saruji,
nami nyuma: polepole, pembe, pembe!
"Mna nini humu? Kioo?"
Mna mtu ainuaye meli kwa mkono mmoja.
"Basi na ashuke ajibebe."

Hewa ya Lamu haipendi karatasi.
Chumvi haibishi hodi.
Duka la viatu hunipa vile vifuko vya chembe
vinywavyo unyevu; kila kidaka natia kimoja.
Nanawa kabla ya kufungua, nakausha mpaka kwenye kucha.
Mama hunitazama.
"Sahani zalikuwa zikilisha watu.
Hawa wako, wavaao chupi juu ya suruali, humlisha nani?"

Simjibu. Ningemwambia nini?
Kwamba mgeni mmoja aliacha Langoni
kitabu kisicho jalada, kimelowa, kimekauka,
kurasa kumi za mwisho zimenyofoka,
tukakiokota mimi na kaka yangu Shekuwe?
Shujaa yuko angani, jengo linaanguka,
mkono wake umenyooka,
halafu uzi. Uzi wa kushonea, na gundi kavu.

Umeme ukikatika, Shekuwe alimalizia.
Shujaa kaangukia Lamu, alisema,
kajaribu kuruka vichochoroni, joho likanasa
kwenye msumari wa mlango wa Bi Mwanatumu,
punda akalila pindo.
Akaazimwa kikoi. Akafundishwa kwenda kwa miguu,
kusalimia kila daka, kuulizwa ya nyumbani, kujibu.
Alipofika, jengo lilikuwa limeshaanguka
na ndani hamkuwa na mtu,
kwani wote walitoka nje kumtazama.

Miaka thelathini na moja nimezitafuta zile kumi.
Nina ya kwanza, ya pili, ya nne iliyobonyea pembe, ya tano.
Ya tatu iliadimika, ikapanda:
bei ya mbuzi, bei ya mbuzi na mwanawe.
Imekuja juzi. Nikafunga mlango kwa komeo.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
mkono umenyooka.
Nikageuza.

Analidaka.
Analidaka jengo, analisimamisha, watu wanapiga makofi.
Kurasa tisa za makofi.

Nikampigia Shekuwe, Doha, kwenye ghala analolinda usiku.
"Unaukumbuka ule mwisho?"
"Mwisho upi?"
"Wa kikoi. Wa punda."
Feni. Lori likirudi nyuma, likilia.
"Lali, nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama hajambo?"

Nikauandika mwenyewe, nyuma ya fomu ya vipimo vya damu.
Si kitabuni; hata penseli hushusha thamani.
Nikaikunja mara moja, nikaichomeka chini ya utepe,
juzuu nikaiweka kwenye kidaka chenye ufa.

Jana mama, asiyewahi kufungua hata kimoja,
aliiona ncha ya karatasi. Akataka asomewe.
Nikasoma nimesimama, kama mwanafunzi.
Nilipofika kwenye pindo la joho
akainua kidole, nikanyamaza.
"Punda," akasema, "wa nani?"