Mkaa Unaopoza

Februari, Mlimani. Shati limegandana na mgongo
kama stempu na bahasha,
nasi tunatafuta baridi.
Heliamu ilikaa bandarini siku kumi na moja,
ikivuja taratibu huku fomu ikisubiri muhuri.
Iliyofika ni nusu mtungi.
"Nusu si haba," akasema Kokubelwa,
akaimimina kama anayegawa mboga ya mwisho.

Ndani mna mkaa.
Ndiyo, mkaa, ndugu wa ule wa magunia ya Manzese,
ila huu haukaangi samaki. Unavuta mvuke,
unaumeza, na kadiri unavyomeza
baridi inazama: kelvini moja, nusu, theluthi.

Hapo fuwele inaning'inia, ndogo kuliko mbegu ya papai,
kwa nyuzi za dhahabu
alizotuvutia sonara Hasmukh wa Kisutu
akiuliza, "Hereni ya nani hii?"
Ncha moja tunaipasha, kidogo,
kidogo hata pumzi ya sisimizi ingekuwa tanuri.
Vipimajoto viwili vinasikiliza.

Umeme humo hauna wa kuukinza. Unapita tu,
kwa hiyo hauna la kutuambia.
Elektroni zimeshikana mbili mbili,
na zilizoshikana hazibebi joto la mtu.
Mzigo huo ni wa waseja,
na mseja hapatikani mpaka avuke pengo,
alipe pantoni;
kwenye baridi hii nani ana nauli?
Lakini kama kuna mahali pengo limefumba,
hata kwa upana wa sindano,
watavuka kwa miguu.

Saa nne usiku umeme ukakatika, jengo zima.
Pampu ya maji kimya. Feni, friji ya kantini, kimya.
Nikasema basi, tumekwisha.
Kokubelwa akanishika mkono: "Tazama."
Mita ilikuwa ya betri. Mkaa hauombi umeme.
Na nukta zilizotusumbua wiki tatu,
zimetapakaa kama mtama mbele ya kuku,
zikajipanga.

Tukachora kwa penseli, tochi ya simu mdomoni mwangu,
jasho likidondokea karatasi ya miraba.
Mstari ukashuka, ukashuka,
ukagoma kufika sifuri.

Wamevuka.

Nilitaka kupiga kelele. Yeye akafuta miwani kwa kanga.
"Huenda ni nyuzi zinazovujisha. Rudia."
Nikarudia, gizani,
kabla mkaa haujashiba.