Kikohozi Katika Sehemu ya Pili

Kaseti imeandikwa kwa kalamu ya risasi: Harless, Februari.
Mwaka hakuutia. Alijua mwenyewe.
Naibonyeza, inakwaruza, na jiko letu la zamani linafunguka:
kiti kinavutwa, mbwa Tuck anabweka mara mbili,
mama anauliza nani kaacha mlango wazi na baridi hii,
na fidla ya baba inaingia katikati ya swali lake
bila kulijibu.

Wimbo unaitwa Mjane Kavuka Barafu.
Hauna maneno. Haukuwahi kuwa nayo.

Mimi nina banjo, na ukucha mmoja
nilioufuga tangu Krismasi.
Asubuhi naendesha basi la shule, Virginia Magharibi, bonde hadi bonde,
vidole vikigonga usukani, bum-didi, bum-didi,
watoto wa akina Teter wakinicheka nyuma.
Usiku nakaa na mashine. Narudisha. Narudisha tena.

Upinde wa fidla ni mtu mwenye pumzi:
huvuta neno moja toka mlango huu hadi mlango ule.
Banjo haina pumzi. Uzi nikiudonoa
sauti huzaliwa na kuzikwa papo hapo,
kabla hujaipa jina.
Basi ile noti ndefu, ile inayolia kama bawaba,
nitaipata wapi? Naivunjavunja.
Gumba nalipa kipande, ukucha kipande,
uzi wa tano, ule mfupi, unang'ang'ania sauti ileile
kama mtoto anayeomba maji usiku,
na kinachobaki namwachia msikilizaji
akijaze mwenyewe.

Wiki tatu kwa sehemu ya kwanza.
Ya pili ina shimo.
Pale wimbo unapopanda, juu kabisa,
upinde unanyanyuka. Kimya, mapigo mawili.
Kisha unatua upya, chini kidogo ya ulipokuwa.
Nililipenda shimo lile. Nililihesabu.
Nikajifunza kulizunguka bila kudondoshea kitu ndani,
nikasema: hapa ndipo mjane anapoijaribu barafu kwa mguu.

Jumapili nikaenda kwa shangazi Icie, miaka tisini na moja,
aliyebakiwa na sikio la kushoto tu.
Akaligeuzia banjo. Akaniacha nimalize.
"Babu yako hakusimama pale," akasema.
"Alipita moja kwa moja. Hakuna aliyewahi kusimama pale.
Huo ni mwaka Harless alipoanza kukohoa."

Nikarudi kwenye kaseti. Nikaongeza sauti hadi mwisho.
Kweli: chini ya kimya, kitu kama changarawe
ikimwagwa ndooni, mbali, uso ameugeuza ukutani.
Miaka ishirini na sita ya makaa.
Na mashine hakuizima. Alisubiri kifua kipite
kama unavyompisha jirani mlangoni,
akaendelea.

Sasa najua namna zote mbili.
Ya babu naipiga shangazi akiwepo;
inakwenda vizuri, haina kosa.
Nikiwa peke yangu, injini ya basi ikipoa nje,
nafika juu, nanyanyua mkono.
Mapigo mawili.
Uzi mfupi ukitaka kulia, nauziba kwa gumba.