Sindano ya Tano

Alhamisi maktaba ya Hawick hufungwa saa mbili usiku,
na hadi hapo meza ya nyuma, kando ya kipasha joto, ni yetu.
Nje mvua inateremka, Mto Teviot unaisindikiza.
Wattie Oliver, fundi mitambo wa kiwanda cha sweta kilichofungwa,
ananimwagia sindano tano mezani kama njiti za kiberiti.
Kidole chake cha shahada kimepungua pingili moja.
"Zina ncha huku na huku," asema. "Hazina kichwa.
Kwa hiyo hakuna mahali pa kusimama."

Nimezoea kufuma kwa kwenda na kurudi,
kama mtu anayedeki ukumbi:
skafu tatu nimemaliza, bapa, ndefu, za kijinga.
Lakini mguu si ukumbi. Mguu ni bomba,
na soksi haina pa kugeukia.

Nusu saa nzima nimeshika nungunungu.
Sindano moja yanichoma kiganja, nyingine yachomoka,
yaviringika hadi chini ya rafu ya vitabu vya bustani.
Naifuata kwa magoti, na vitanzi kumi na sita
vyabaki hewani, midomo wazi.
Nasema neno la Kiswahili lisilofaa maktabani.
Wattie hajui maana yake. Anajua limefaa.

"Hesabu," asema.
Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita.
Sindano nne. Na ya tano mkononi, tupu, yangoja kazi.

Hapo nikanyamaza.
Kumi na sita mara nne: hesabu hii naijua.
Nilikuwa kidato cha pili, Korogwe, nikituma mashairi gazetini
kwa stempu za shangazi Mwanahamisi,
na mhariri akiyarudisha: mizani imepungua, mshororo wa tatu.
Miaka ishirini na sita sijahesabu kitu kwa vidole.
Wattie, huu ni ubeti, nataka kumwambia,
mishororo minne na mkono wa kuutunga.
Kwa Kiingereza sina njia fupi ya kusema hivyo.
Basi nikaunganisha duara.

Cha kwanza ninakianza, kidole kwenye sindano,
Uzi nyuma naukaza, isiachane mishono,
Ngazi huko hujikweza, ikilegea mikono,
Kwenye kila muungano, kina changu nakikuta.

Nakikuta kimefika, bila kukiita mbele,
Sindano zinazunguka, chuma kwa chuma, kelele,
Iliyo tupu hushika zamu ya mwenzake yule,
Ya tano si moja ile, ni ile inayopita.

Inayopita huvusha kitanzi toka pembeni,
Zamu yangu ikiisha, naifumia jikoni,
Birika likichemsha, sikio liko uzini,
Vidole vi hesabuni, na mdomo wafuata.

Wafuata, kisha sina kitanzi kimoja: hewa.
Chini sana nakiona, kwa kukosa kuzuiwa,
Mshororo huu una pengo lisilojawa,
Mhariri, hujapewa wino wa kunikamata.

Kunikamata si kazi, Wattie anayo kulabu,
Aishusha penye ngazi, kwa heshima na adabu,
Avuta uzi kwa uzi, hadi juu, taratibu,
Hakuuliza sababu, kiti chake akavuta.

Akavuta la zamani, mkewe alivyofuma:
Mashine za kiwandani zilimaliza mapema,
Ila yeye, kwa jioni, duru tano, kisha koma,
Ya kushoto akakwama, Wattie ndiye kaokota.

Kaokota, kajifunza kwa makosa na matusi,
Nami neno la kuanza hakuliona najisi.
Kisigino chajibanza, chageuka bila kasi.
Nyingine ni Alhamisi. Mvua bado inagota.