Msumari Haukuwemo

Siku tatu tulikaa ukumbini, Nguba,
tukinywa soda na kukariri.
Karatasi ilitoka Kinshasa ikisema Kifaransa,
ikatufikia na Kiswahili cha koti la kuazima:
"Kaya zote zihimizwe kutumia ipasavyo
chandarua chenye kiuatilifu cha muda mrefu."
Nikajiuliza ni nani kule Cimpunda anaitwa Kaya.

Jumatatu wakanipa fulana, kofia na kipaza sauti.
Nikapanda ngazi za udongo,
zile ambazo mvua huzifuta usiku
na asubuhi mtu huzichonga upya kwa jembe,
nikitangaza mlango kwa mlango:
Mbu ni adui! Laleni ndani ya chandarua!
Watoto wakanifuata, adui, adui,
mbwa wakaitika,
wakubwa wakaendelea kuosha sambaza.

Kwenye ngazi ya mia na kitu kipaza sauti kikakohoa,
kikanyamaza.
Ndipo nikakisikia kilima.
Sufuria. Redio ya mtu. Meno ya mtoto
yakigongana katika joto la saa nane,
na mama yake, Mama Nsimire:
"Wee wa kofia, shuka hapa.
Ukimaliza kelele, nijibu."

Mtoto kwanza. Tulimbeba kwa zamu hadi kituo cha afya,
tone moja la damu kidoleni,
kipimo kikachora mistari miwili,
tembe zikasagwa ndani ya kijiko.

Tuliporudi akanionyesha chandarua,
juu ya sanduku, bado ndani ya nailoni yake,
kimekunjwa kama barua ambayo hukutaka kuifungua.
"Sikikatai," akasema. "Ila nionyeshe pa kukifunga.
Juu ni mabati, na mabati yanavuja.
Mbao hii imeoza, ile ni ya jirani.
Tuko tisa, kitanda kimoja,
na mkeka unaotandikwa watu wakishamaliza kula.
Nikifunge mbinguni?"

Nikapekua karatasi, mbele na nyuma.
Mlikuwa na mbu aliyechorwa mkubwa kuliko kuku.
Mlikuwa na mihuri mitatu.
Msumari haukuwemo.

Nikaenda Nyamugo kwa Cirhuza, seremala,
anayeunda vitanda na majeneza kwa mbao zilezile.
Akanipa kilo nzima ya misumari iliyopinda,
bure, mradi niinyooshe mwenyewe.
Usiku kucha, jiwe na nyundo.
Mume wangu akauliza kama nimebadilisha kazi.
"Hapana," nikamwambia, "ndiyo kwanza naianza."

Tangu hapo sitangazi. Napiga hodi, nakaa,
naulizwa habari za nyumbani, nami nauliza,
hadi ukimya unakuwa wetu sote,
ndipo natazama kuta.
Mzee Bashige, chake kilikuwa kinafunika vifaranga:
"Kinawasha uso kama pilipili."
Kweli, kipya huwasha.
Kianikwe kwanza kivulini, mchana na usiku wake,
imeandikwa hivyo ukurasa wa sita,
ambao hata aliyetufundisha hakuufikia.
Tukakianika. Usiku huo vifaranga wakalalamika sana,
na mzee akawajibu, mmoja mmoja.

Si wote. Kuna mlango wa bluu
ambao hadi leo unafungwa nikifika.
Siulaumu. Kelele zangu za Jumatatu
bado zinakaa pale kizingitini.

Mwisho wa mwezi nikajaza fomu.
Kaya zilizofikiwa: thelathini na moja.
Ujumbe umetolewa: ndiyo.
Na pembeni, kwa kalamu nyekundu ya mwanangu:
Misumari, mia moja ishirini na minne.
Kamba, mita sitini.

Msimamizi akauliza, hii ni nini?
Nikamwambia, tafsiri.
Akaikata kwa rula, vizuri,
mistari miwili.

Jumamosi nimepanda tena.
Mfuko wa koti unalia chuma
kila ngazi.