Kwa Wiesława, Kabla ya Jumatatu

Wiesława, samahani kwa mwandiko,
naandika juu ya goti, ndani ya basi la saa kumi na moja alfajiri,
na barabara ya Krosno ina mashimo kama jibini.
Wewe ulikuwa mkuu wa zamu kabla wanaume hawajakubali
kwamba mwanamke anaweza kulisoma tanuri kwa rangi tu,
kwa hiyo nakuuliza wewe.

Wamenipa kiti chako.
Si kile kile, kile kilivunjika mguu,
ila jina lake, na funguo, na mshahara unaopanda kwa robo.
Bwana Kotula anataka jibu Jumatatu.

Daktari wa Rzeszów naye anataka jibu.
Aliandika namba kwenye karatasi, sifuri nukta sita,
akaizungushia duara kama mwalimu anayeonyesha kosa.
"Mayai yamebaki machache," akasema,
"na miaka thelathini na tisa haingoji mtu."

Sindano ziko kwenye friji,
rafu ya chini, nyuma ya matango ya siki,
ili Tymek asiulize.
Tymek ana miaka sita na anauliza kila kitu:
kwa nini theluji haina harufu,
kwa nini baba hulala Ujerumani ndani ya lori,
kwa nini kitanda chake kina ghorofa mbili
na ya juu ni ya masanduku.

Nimewauliza wengine, usidhani.
Mama mkwe alikuwa akimenya viazi, hakuinua kichwa:
"Kidole kimoja hakivunji chawa."
Nikamwambia sijauliza hesabu ya vidole.
Nimeuliza nani atampeleka mtoto shule
siku ambazo kliniki inafunguliwa saa moja na mimi niko Rzeszów.
Akasema viazi vya mwaka huu vina maji.

Dada yangu Bogna, mwenye mabinti watatu na hana kazi,
alisema, chukua kazi.
Grażyna wa ukaguzi, mwenye kazi na hana mtoto,
alisema, tafuta mtoto.
Kila mmoja alinielekeza kwenye mlango ambao yeye hakuupita.

Leszek alisema kwa simu, "Unachotaka wewe."
Neno zuri. Limekaa kifuani kama tofali.

Mshika mbili moja humponyoka, najua.
Mimi nimeshika nne, Wiesława,
na viganja vimeanza kutoka jasho.

Ulinifundisha: tanuri halizimwi.
Likizimwa, kioo huganda tumboni mwake, na tanuri limekufa.
Miaka kumi na miwili nimelilisha mchanga,
Krismasi, Pasaka, siku aliyong'oka Tymek jino la kwanza.
Lakini ulinifundisha pia
kwamba bilauri iliyopozwa kwa haraka haipasuki siku ile.
Huonekana nzima. Hung'aa. Hufungwa kwenye boksi.
Hupasuka baadaye, mezani kwa watu, na hakuna aliyeigusa.
Nadhani ninauliza hilo.
Nadhani ninauliza kama unasikia mlio.

*

Jibu lake lilikuja Ijumaa, nyuma ya risiti ya duka la dawa:

"Ushauri sina. Nilikaa kiti kile miaka tisa
na wanangu walijua kukaanga mayai kabla ya kusoma.
Mmoja ananishukuru, mmoja hapigi simu.
Kesho mlete kijana saa tatu. Nina unga, nina matufaha.
Wewe usije na swali. Njoo na soksi nene,
chumba cha nyuma kina baridi, lakini kitanda ni kizuri."

Nililala masaa matano, mchana kweupe, bila ndoto.
Nilipoamka kulikuwa na harufu ya mdalasini
na sauti ya Tymek ikimuuliza mtu mwingine
kwa nini.
Jumatatu ilikuwa bado Jumatatu.
Namba ilikuwa bado sifuri nukta sita.
Nikanyoosha vidole, kimoja kimoja, vyote kumi,
nikaenda jikoni kuosha bakuli.