Futi Kumi

Jana tulitoka na fito mbili fupi, futi saba saba.
Boti ilipokata kona kaskazini ya mwamba
mishipi ikakutana huko chini, tusikokuona,
ikasukana kama nywele za bi harusi.
Kadzo alikaa na kisu mpaka adhuhuri.
Hakututukana. Hapo ndipo palipouma.

Mshipi wenye risasi tumboni hauna haraka,
huzama rangi kwa rangi, nyekundu, kijani, buluu,
na kila rangi ina uzito wake mkononi.
Ufito mfupi huuacha uanguke nyuma ya tezi.
Mrefu huusogeza kando,
kama kiwiko cha mama kati ya watoto wagomvi.

Basi leo nimenunua wa futi kumi.
Tuktuk ya Nyiro imekataa kuumeza:
ncha nje, mpini gotini kwangu,
na pale kwa fundi cherehani
tumenasa leso, tukaondoka nayo.

"Umevua nini?" Kadzo akaniuliza gatini.
"Leso."
Akaupima ufito kwa mikono yake:
pima moja, nusu, na ushei.
"Huu wa kando. Ule mfupi ubaki katikati."

Lakini kisu hajakirudisha alani.